Kukadiria kasi ya seva za malipo kabla ya mwisho wa mwezi: uzoefu wangu

Seva ya malipo hapa Dar es Salaam huzidiwa ghafla. Mishahara ikiingia, watu wananunua umeme wa LUKU, wanalipa ada na kutuma pesa kwa saa zilezile, na muda wa majibu unapanda mara kadhaa. Nilitaka modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na vipimo vya nyuma, iukadirie mpando huo dakika 15 kabla, ili seva ya ziada iwe imeshawaka.

Vipimo nilikusanya kwa Prometheus, programu ya kufuatilia seva, kila sekunde 15: maombi kwa sekunde, matumizi ya prosesa, muda wa kusubiri diski, miunganisho ya kanzidata na urefu wa foleni. Sikukadiria wastani wa muda wa majibu. Nilikadiria kiwango ambacho maombi 95 kati ya 100 hayakivuki, kwa sababu wastani unawaficha wale watano wanaosubiri hadi wanabonyeza "lipa" mara ya pili.

Angalia saa mapema. Seva nyingi huandika kumbukumbu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Kilele cha saa 12 jioni kinaonekana kama 15:00. Niliongeza pia tarehe ya mwezi na siku ya wiki. Umeme au mtandao ukikatika na vipimo vikakosekana, usijaze sifuri, maana modeli itajifunza kwamba kuna dakika ambazo seva haina kazi kabisa. Acha pengo.

Data ya kufundishia na ya kupimia itenganishwe kwa tarehe: wiki 6 za mwanzo kufundisha, 2 za mwisho kupima. Ukizichanganya kwa bahati nasibu, dakika ya 10:01 inafundisha na ya 10:02 inapima, na matokeo yanapendeza bure. Linganisha pia na kipimo cha wiki iliyopita saa ileile. Modeli isiyoushinda ulinganisho huo haifai kuwekwa kazini.

Kilichonisumbua zaidi ni XGBoost, aina ya modeli niliyotumia, inayojumlisha miti mingi ya maamuzi (mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana). Miti ya maamuzi ni mizuri ndani ya data iliyoiona, lakini haikadirii kupita hapo. Kama mzigo mkubwa iliouona ni maombi 300 kwa sekunde, basi 300 na 500 kwake ni kitu kimoja. Na wiki 6 zina miisho ya mwezi miwili tu, pengine mmoja.

Kanuni ya foleni ya maombi yanayosubiri seva haina tabia hiyo. Katika foleni rahisi ya mhudumu mmoja, wastani wa muda wa majibu ni muda wa kuhudumia ukigawanywa kwa sehemu ya uwezo iliyobaki. Ombi la milisekunde 20 linachukua kwa wastani 40 seva ikitumia nusu ya uwezo, 100 ikifika asilimia 80, na 400 ikifika 95. Kwa hiyo kanuni hiyo ikawa msingi, na XGBoost nikaiachia kujifunza uwiano kati ya kile kiwango cha maombi 95 kilichopimwa na wastani wa kanuni. Kwenye mzigo mgeni, kanuni ndiyo inayobeba mpando.

Data ya mzigo mkubwa niliitengeneza mwenyewe saa 8 usiku, kwenye seva pacha yenye lango bandia la malipo (mfumo unaoiga ule wa kupitisha pesa), kamwe si lango halisi. Nilipandisha maombi 50 kwa sekunde kila baada ya dakika 10 na kutupa dakika 2 za mwanzo wa kila hatua, kabla hali haijatulia. Zana ya kupima itume kwa kasi isiyobadilika na kutoka kompyuta nyingine. Ile inayosubiri jibu ndipo itume ombi jingine hupunguza kasi pamoja na seva, na foleni unayoitafuta huioni.

Toleo jipya la programu likiwekwa, muda wa kuhudumia hubadilika. Upime upya kwanza, ndipo ufundishe modeli. Ukianza na modeli itasahihisha kosa la kanuni badala ya kujifunza tabia ya seva.