Mzee wa kitanda cha mwisho

"Mama, huyu mzima?" Mwanangu alimnyooshea kidole jogoo mmoja juzi sokoni Kisutu, nami nikachelewa kujibu. Kuku wa Aprili 2013 nao walikuwa wazima kwa macho. H7N9, homa ya ndege iliyoruka kwa watu, haikuwatia hata kamasi, ndiyo maana Shanghai, China, ilifunga masoko ya kuku hai tarehe 6 watu wakiwa wameshalazwa.

Sisi tulikuwa wodini Hangzhou, mji mwingine wa China. Mzee wa kitanda cha mwisho, mgonjwa wa homa hiyo, alipata oseltamivir, dawa ya virusi vya mafua, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa mrija wa puani, akawekewa mpira wa kupumulia, na hata kwa oksijeni asilimia 100 oksijeni ya damu haikuvuka asilimia 85. Ikaamuliwa alazwe kifudifudi.

Saa moja kabla, chakula kilisimamishwa na tumbo likafyonzwa. Macho yalipakwa mafuta yakafungwa, vibandiko vya moyo vikahamia mgongoni. Watu watano: wawili kila upande, na mfawidhi kichwani, ameshika mpira na si kingine. Akasoma kwa sauti alama ya sentimita ya mpira pale mdomoni, "ishirini na tatu," akaanza kuhesabu. Mzee akasogezwa ukingo wa mbali na mashine, akalazwa ubavu kuielekea, kisha tumbo.

Mashine ikapiga kelele. Oksijeni ya damu, 76. Mmoja wetu akanyoosha mkono achomoe mpira kwenye mashine ampampu hewa kwa mkono. Mfawidhi akaupiga ule mkono. Ukichomoa bila kuubana mpira kwa koleo, chumba kizima kinakula virusi. Akatazama alama: bado 23. Akapitisha kidole mdomoni: haujakunjika, haujang'atwa. Basi ni makohozi. Mgonjwa akiinama hushuka yote kwa pamoja. Akasukuma mrija wa kufyonzea ulio ndani ya mfuko wake, sekunde zisizozidi 15, likaja povu la pinki. 79. Akasubiri oksijeni ijae, akarudia. 84. Miwani yetu ilishafunga ukungu, tukasoma namba kwa kukisia. Baada ya nusu saa, 92.

Alikaa hivyo saa 16, kichwa kikigeuzwa kila saa mbili, na bado shavu likachubuka. Kumrudisha chali kulidai watu wale wale watano, usiku wa manane, na kila mmoja avae upya mavazi ya kinga.

Nilihamishwa wodi akiwa bado kwenye mashine. Wanaonihoji huuliza dawa. Idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku haiulizwi, labda kwa sababu haina jina la kisayansi.