Mizani za St. Johnsbury

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha pamba huko Maswa. Asubuhi za msimu, kabla gunia la kwanza halijapanda, alisimama mbele ya mizani tupu akatazama mkono wa mizani mpaka utulie. Ukiinama hata kidogo, foleni nzima ingoje. Watu walinung'unika, lakini walimwamini. Mwaka mmoja alikuja mnunuzi wa binafsi na mizani yake, watu wakamkimbilia kwa kuwa analipa papo hapo. Wiki mbili baadaye ikajulikana ilikuwa imechezewa. Mama alikuwa amempelekea magunia manne.

Sasa naishi Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, na Jumamosi iliyopita niliendesha gari saa moja na nusu hivi kwenda St. Johnsbury, mji mdogo uliojengwa na mizani. Nilikwenda kwa ajili ya Erastus Fairbanks, mfanyabiashara wa mizani aliyekuja kuwa gavana wa Vermont.

Alizaliwa 1792 kule Massachusetts, akahamia St. Johnsbury mwaka 1812. Alianza kusoma sheria kwa mjomba wake, macho yakamsumbua, akaacha na kuingia dukani. Mdogo wake Thaddeus ndiye aliyekuwa na mikono ya ufundi. Mwaka 1824 wakaanzisha karakana ya chuma: majiko, majembe ya kukokotwa na farasi.

Kilichowatajirisha kilianzia kwenye katani. Si mkonge wa Tanga. Ni ule mmea wa ukoo wa bangi, unaolimwa kwa ajili ya nyuzi. Wakulima waliileta kwa mikokoteni, na kupima mkokoteni siku hizo ilikuwa kazi kwelikweli: unaufunga minyororo, unauning'iniza wote juu, ndipo unajua uzito. Thaddeus akachimba shimo, akapanga nyenzo (fito za kunyanyulia mizigo) chini, akafunika kwa jukwaa lililo sawa na ardhi. Mkokoteni unapanda, uzito unapunguzwa hatua kwa hatua kwenye zile nyenzo, na kule juu jiwe dogo linatosha kuupima mzigo mkubwa. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ilitoka 1831.

Sasa fikiria unamwuzia mtu hicho kitu. Sehemu yote muhimu imefukiwa. Kwangu hapo ndipo alipo Erastus, maana ufundi ulikuwa wa mdogo wake, ila mtu wa kusimama mbele ya wateja na kusema "iaminini" alikuwa yeye. Mizani za Fairbanks zikavuka bahari. Reli nayo ikafika mjini 1850, akiwa mmoja wa vigogo wa kampuni ya reli hiyo.

Siasa haikumwendea laini hivyo. Aliingia bunge la jimbo miaka ya 1830, na mwaka 1852 akachaguliwa gavana kwa chama cha Whig. Akatia saini sheria ya kupiga marufuku pombe. Uchaguzi wa ugavana ulikuwa wa kila mwaka, na 1853 aliongoza kwa kura bila kufikisha nusu. Uamuzi ukaenda bungeni, bunge likamchagua John Robinson wa Democrat. Sheria yenyewe ikadumu karibu miaka 50! Mimi nisingempigia kura kwa hiyo pombe, nasema wazi.

Lakini 1860 alirudi, safari hii kwa Republican, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikamkuta madarakani. Aprili 1861 bunge liliitishwa kwa dharura, likapitisha dola milioni 1 za kuandaa askari. Yeye mshahara wa ugavana hakuuchukua. Alifariki Novemba 1864, vita havijaisha. Mwanawe Horace naye akaja kuwa gavana, na ndiye aliyeujengea mji ile maktaba yenye picha kubwa za rangi ukutani. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyopanga, kulikuwa na baridi nje.

Kwenye nyumba ya historia ya mji wamepanga mizani za zamani, ndogo za dukani na kubwa za magunia. Nikapiga picha moja inayofanana kabisa na ile ya Maswa, nikamtumia baba kwa WhatsApp. Nilitarajia aniulize habari za gavana niliyemwandikia ujumbe mrefu.

Akajibu baada ya dakika kumi: "Mwanangu, huo mkono umeinamia kushoto. Waambie."

Nikarudi ndani kuangalia. Kweli.