Nafasi Kumi

Fomu ya Common App, inayotumika kuomba nafasi katika vyuo vingi vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli za nje ya darasa. Siku tano kabla ya mwisho wa kutuma maombi, tarehe 1 Januari, nilikuwa nimeshajaza tisa. Klabu ya mdahalo, niliyohudhuria mara mbili. Klabu ya mazingira. Kwaya. Niliamini kabisa kwamba chuo cha Marekani kikiona nafasi tupu, kitaniweka kando.

Mwalimu mshauri alisoma orodha yangu kimya, kisha akagusa visanduku viwili nilivyoviruka: saa kwa wiki, na wiki kwa mwaka.

"Anza na hivi, mwanangu."

Nikajaza kwa ukweli. Saa moja. Wiki mbili. Orodha ikanyauka mbele ya macho yangu.

Akaniuliza jioni huwa niko wapi. Nikamwambia niko na bibi, ambaye kiharusi kilimlaza tangu nikiwa kidato cha kwanza. Nilisema haraka haraka, kama anayeomba radhi. Mwalimu akafungua orodha ya aina za shughuli, akateremka nayo mpaka "majukumu ya familia". Aina hiyo ilikuwapo siku zote, pamoja na kazi ya kulipwa.

Kisha akanionyesha taarifa ambazo vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka, Common Data Set, kifungu C7, ambapo chuo hueleza kinatilia nini uzito kinapochagua wanafunzi. Chuo kimoja kilitia alama "muhimu sana" kwenye shughuli za nje. Kingine kilisema hazizingatiwi. Lakini kwenye masomo na alama za darasani, vyote viwili viliandika "muhimu sana". Iliniuma. Muhula mzima nilikuwa nikikimbizana na klabu, hesabu nimeitelekeza.

Maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Nikafuta "mpendwa". Nikafuta "kwa moyo wote". Vikabaki vitenzi: namwogesha, namlisha, namgeuza ili asipate vidonda. Mpaka leo sijaandika kitu chenye ukweli mwingi kiasi hicho kwa maneno machache hivyo.

Nyumbani nilimsomea bibi. Saa 20 kwa wiki, nikamaliza. Akaniangalia kwa muda, akainua mkono wake mzima.

"Na usiku je, mjukuu wangu? Usiku hujauhesabu."

Saa mbili kila usiku, mara siku saba. Nikarudi kwenye fomu, nikafuta 20, nikaandika 34.