Winga wa madaraja ya chini

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 2023 nilikuwa jukwaani kwenye uwanja wa Los Cármenes, nyumbani kwa timu ya Granada ya Hispania, na Barcelona ndio wageni. Sijakaa vizuri kwenye kiti, Bryan Zaragoza, winga wa Granada, keshamfunga ter Stegen, kipa wa Barcelona. Hata sekunde 20 hazijatimia! Mzee wa jirani yangu alinishika bega akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Bao la pili ndilo lisilonitoka kichwani. Alipokea mpira, akamgeuza Koundé, beki wa Barcelona, akamwacha anahangaika, kisha akafunga. Mimi nilitoa machozi, sioni haya kusema. Mechi iliisha 2-2.

Kijana huyu wa Málaga, kimo chake mita 1.64, alipitia timu ya akiba ya Granada, akapelekwa kwa mkopo timu ya El Ejido kule mkoa wa Almería, mji uliozungukwa na mabanda ya plastiki ya kulimia mboga. Huko, kwenye madaraja ya chini, mawinga wanakimbia kila wiki mbele ya watu wachache. Siku chache baada ya usiku ule akaichezea timu ya taifa ya Hispania, na mwanzoni mwa 2024 akaenda Bayern ya Ujerumani. Tiketi yangu ninayo bado.