Tumaini Mwenye Mnyororo Mguuni

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii sala zangu zimekuwa fupi. Kuna jambo ninaloliombea kwa muda mrefu na jibu halijaja. Katika uchovu huo nimekuwa nikiutazama mchoro wa Edward Burne-Jones, msanii wa Uingereza, unaomwonyesha Tumaini kama mwanamke.

Burne-Jones alichora michoro mingi ya madirisha ya kanisa. Yeye alitoa umbo. Rangi za vioo mara nyingi alimwachia rafiki yake William Morris, ambaye karakana yake ilikata vioo na kuviunganisha kwa vipande vya madini ya risasi. Umbo hili la Tumaini lilianzia huko, kwenye dirisha. Mwaka 1896 Morris akafariki. Burne-Jones alikuwa ameombwa picha ya msichana anayecheza dansi. Kwa uzito aliokuwa nao moyoni, akaomba amchore Tumaini badala yake.

Mtazameni basi. Yumo gerezani, nyuma yake nondo, mguuni mnyororo. Mkono mmoja umeshika tawi la maua ya mtufaha, mwingine ameunyoosha juu hadi unagusa anga.

Wapendwa, sisi tungemchora akiwa ameshafunguliwa, anashuhudia mbele ya kusanyiko! Tumezoea ushuhuda wa waliotoka tu. Aliye bado ndani tunamwuliza ana dhambi gani iliyofichika, au tunamwambia imani yake ni haba. Hilo ni kosa, na linaumiza watu wa Mungu. Paulo aliwaandikia Wafilipi "furahini katika Bwana siku zote" akiwa kifungoni. Je, naye tungemwambia hana imani? Warumi 8 inasema wazi kwamba hakuna anayetarajia kitu ambacho tayari anakiona. Aliyefungwa na bado ananyoosha mkono, huyo ndiye mwenye tumaini. Msimwondoe katika hesabu ya waaminio.

Mimi mwenyewe nimeanza kuomba tena, bado bila jibu. Nawe uliyechoka, inua mkono huo mmoja ulio huru.

Na wiki hii mtembelee mmoja aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya maswali yetu. Usimhoji. Kaa naye, msome pamoja Zaburi 13, ile inayoanza kwa "hata lini", na umwache alie.