Siku moja maishani mwangu: Tarehe 2 Novemba katika ofisi ya parokia

Mimi ni karani wa parokia moja ya Jimbo Katoliki la Bukoba, huku wilayani Muleba. Wengi hudhani kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na kugonga muhuri kwenye kadi za zaka. Waje Novemba. Bahasha zenye majina ya marehemu wa kuombewa katika Misa huanza kuingia mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2, Siku ya Kuwakumbuka Marehemu Wote, ofisi haina pa kukanyaga. Mwaka huu imo bahasha ya kwetu pia. Baba yangu, Tata, askari mstaafu wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya mwaka 1978 hadi 1979, alifariki Kwaresima iliyopita. Nawaandikia siku hii saa kwa saa ili mumjue.

Saa 11 alfajiri

Mvua imenyesha tangu usiku. Mama ameshaamka, namsikia chumbani kwake akisali rozari. Hii ndiyo saa aliyokuwa akiamka Tata maisha yake yote. Jeshi lilimzoesha, naye alipostaafu hakuona sababu ya kuacha. Alitandika kitanda mwenyewe, shuka imekazwa pembe zote nne, akasali masifu ya asubuhi kwa kitabu kilichochakaa, kisha ndipo akagonga mlango wetu. Hakuna mtoto aliyekunywa chai katika nyumba ile kabla ya sala. Tulinung'unika, hasa wakati wa baridi. Leo wanangu wananung'unikia hivyohivyo.

Namwamkia mama. Anaitikia, halafu ananipa karatasi.

Naijua. Ni ukurasa wa daftari la mistari, umekunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka, na kila mkunjo umebandikwa selotepu ambayo nayo imegeuka rangi. Majina yameandikwa kwa herufi kubwa. Ya juu kwa wino wa bluu uliofifia, ya katikati kwa wino mweusi, machache ya mwisho kwa kalamu nyekundu, maana alikuwa akiyaongeza kadiri alivyopata habari. Mkono wa kushoto jina, wa kulia mahali: Kyaka. Masaka. Lukaya. Entebbe. Kila mwaka aliileta ofisini mwenyewe, akasimama kwenye foleni kama watu wengine ingawa karani ni binti yake, akatoa sadaka ya Misa na kungoja stakabadhi.

"Leo peleka wewe," mama anasema. "Na yeye mwongeze chini."

Saa 12:30 asubuhi, Misa ya kwanza

Kanisa limejaa. Siku ya leo kila padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu: moja kwa nia anayoichagua, moja kwa ajili ya marehemu wote, na moja kwa nia za Baba Mtakatifu. Ruhusa hiyo aliipanua Papa Benedikto wa 15 kwa Kanisa zima mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vinaua vijana wa Ulaya kwa maelfu. Tata alilijua jambo hilo, na lilimgusa kuliko mahubiri mengi. Alisema ni vita vilivyolifanya Kanisa liongeze Misa, kwa hiyo askari akikosa Misa tarehe 2 ameacha posho yake mezani.

Saa 2:30 asubuhi

Nafungua ofisi. Foleni imefika kwenye mti wa mwembe. Wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wamekuja na karatasi za jumuiya nzima, wazee wamekuja na majina kichwani, nami nayaandika wanavyoyataja. Hapa sifanyi haraka. Mtu akitaja jina la mtoto aliyekufa mwaka 1991 huwa anataka ulisikie.

Kijana mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumwandika mjomba wake aliyekuwa Mlutheri. Namwambia anaweza. Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inamruhusu padre kuadhimisha Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Jibu hili naliweza bila kufungua kitabu, na aliyenilazimisha kulitafuta ni Tata.

Mstari wa mwisho wa karatasi yake hauna jina la mtu. Umeandikwa: NA WALIBYA WA LUKAYA.

Kwa wasiojua, Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na barabara hiyo inapita katikati ya kinamasi. Tarehe 10 Machi 1979, Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ilishambuliwa hapo na majeshi ya Idi Amin yakisaidiwa na askari waliotumwa na Gaddafi kutoka Libya. Maroketi yalipoanza kuanguka watu walitawanyika. Tata alikuwa koplo katika brigedi hiyo. Usiku huo Brigedi ya 208 ilizunguka ikaikata barabara upande wa Kampala, waliotawanyika wakakusanywa upya, na alfajiri ya tarehe 11 adui akapigwa kutoka pande mbili. Walibya wapatao 200 walikufa pale. Walikuwa vijana waliotoka mbali sana, na wengi wao hata Uganda penyewe hawakupajua.

Miaka ya nyuma mzee mmoja wa jumuiya yetu alikasirika kusikia wanaombewa. Alikuwa na haki ya kukasirika. Watu wetu wa kaskazini ya mto Kagera waliuawa Amin alipovamia, wakaibiwa ng'ombe, wakakimbia na watoto mgongoni. Alimuuliza Tata mbele ya wote: tunawaombea maadui? Tata akamjibu, "Mmoja nilimfunika udongo kwa mikono yangu. Ukishamzika mtu una deni la sala kwake." Hakuongeza neno, akaendelea na fumbo lililofuata la rozari.

Naandika mstari ule kama ulivyo. Chini yake naandika jina la baba yangu.

Saa 5 asubuhi

Bwana harusi mtarajiwa anataka cheti kipya cha ubatizo. Kwa ndoa, cheti kisizidi miezi sita, kwa sababu kila sakramenti ya baadaye huandikwa pembezoni mwa jina lako katika daftari la ubatizo, na paroko anataka kuona hali ilivyo sasa. Natoa daftari kubwa kabatini kumtafutia. La zamani, lenye mwandiko wa Kilatini wa Mapadre Weupe, liko chini yake, nami nalifungua ukurasa ninaoujua.

Mwaka 1955. Jina la Tata, wazazi wake, msimamizi wake. Pembezoni: kipaimara. Kisha ndoa, Oktoba 1979.

Ndoa hiyo ilikuwa ifungwe mwaka mmoja kabla. Tata alikuwa nyumbani kwa likizo Oktoba 1978, na matangazo ya ndoa yao yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili. Kabla ya tangazo la tatu Amin alivamia, likizo ikakatizwa, na Tata akaondoka. Mama anasema tarehe 2 Novemba 1978 alikwenda Misa ya marehemu akiwa hajui kama mchumba wake yu hai, na siku hiyohiyo Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba nia ya kumpiga Amin tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao. Nchi nzima inayakumbuka maneno hayo. Mama anakumbuka pia kwamba alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi cha kanisani. Siku hizohizo jeshi la Amin likaangusha daraja la Kyaka.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Mama alipokea habari ile kama zawadi ya Pasaka. Tata aliporudi, paroko alitaka matangazo yaanze upya. Alikubali, akasikiliza yote matatu akiwa amesimama wima benchi la mbele.

Mstari wa kifo chake uko katika daftari la mazishi, na niliuandika mimi.

Saa 7 mchana

Ndizi na maharage kwa masista. Nakula nimesimama.

Saa 8:30 mchana

Foleni imepungua. Anaingia mzee mwenye kofia ya kiua na fimbo, kanzu imelowa matope hadi magotini. Ametoka upande wa Kamachumu kwa bodaboda kwenye mvua hii.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye binti wa koplo?"

Namjua kwa jina tu, maana liko midomoni mwa Tata tangu utoto wangu. Walikuwa pamoja Lukaya. Nampa kiti na chai ya rangi. Hataki sukari. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa noti iliyokunjwa ndogondogo na kuiweka mezani.

"Mwandike. Kila mwaka alikuwa akiwaandika wangu. Ndugu zangu Waislamu watano wamo katika karatasi ile, alinionyesha. Mimi nikimsomea dua msikitini, na huku jina lake lisikosekane."

Namwambia nimeshamwandika. Anatikisa kichwa. "Hiyo ni ya familia. Mimi natoa yangu."

Napokea, na stakabadhi naandika kwa jina lake. Kisha ananisimulia safari zao za Kaboya, makaburi ya mashujaa yaliyo hapa wilayani kwetu, yanayotunzwa na wanajeshi. Walikwenda pamoja kila Novemba. Walianza na kaburi la mwenzao Mkristo, Tata akasema "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Wakahamia kwa Mwislamu, mzee akasoma Fatiha, Tata akiwa amevua kofia. Wakaendelea hivyo mstari hadi mstari, bila kuruka kaburi, hata la wasiyemfahamu. Ikiwachukua hadi alasiri, walikula ndizi walizobeba na kurudi.

"Kuna vijana wa kambini walituuliza tunamtafuta nani," anasema. "Koplo akawaambia, hatumtafuti mtu, tunahesabu kikosi."

Namsindikiza hadi barabarani. Tumekubaliana kwenda Kaboya wikiendi hii, yeye na mimi na mwanangu mkubwa.

Saa 10 jioni, Misa ya tatu

Majina yanasomwa. Ni mengi, na Baba Paroko hayakatizi. Akifika kwenye karatasi yetu anasoma polepole kwa sababu ya mwandiko wangu wa haraka. Analisoma na lile la Walibya. Nageuka kutafuta uso wa mzee wetu wa jumuiya aliyekasirika zamani. Anajibu "wapumzike kwa amani" kama kanisa zima.

Saa 1 usiku

Jumuiya imekutana kibanjani kwetu, kaburi la Tata likiwa hatua chache kutoka mlangoni kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Simu yangu haitulii. Wanaopiga ni ndugu zangu, na hapa nieleze, maana watu huniuliza tuko wangapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivuka mpaka kutoka Uganda. Kaka zake wawili Tata walikufa pamoja na wake zao, wakaacha watoto sita. Watu walikuwa wakiogopa hata kushika sahani ya yatima. Tata alikwenda kuwachukua wote kwa baiskeli, safari kwa safari, akawaweka katika vyumba vyetu viwili, tukawa kumi. Ada ilitoka kwenye kahawa ya robusta na pensheni. Hakuna aliyelala bila kula, na hakuna aliyeruhusiwa kusema "watoto wa baba mkubwa" katika nyumba ile. Nikifikiria ushujaa wake, naanzia hapo. Lukaya alipelekwa kwa amri. Baiskeli ile hakuna aliyemwamuru kuipanda.

Baada ya rozari mwenyekiti analeta jambo ambalo tumelikwepa tangu Pasaka. Tata ndiye aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa wa jumuiya kila Jumamosi, akiwakatia kuni, akiwasomea Injili ya Jumapili na kumpa paroko taarifa ya anayehitaji Komunyo nyumbani. Nafasi yake haijajazwa. Kimya kidogo, kisha kaka yangu, mmoja wa wale sita, anasema kuni ni zake. Usomaji nauchukua mimi.

Mwenyekiti ananipa orodha: wagonjwa wanne, wawili hawaoni. Wa kwanza ni bibi anayekaa karibu na kisima. Mama ananiambia nikifika nisome kwa sauti kubwa, nikae upande wa sikio la kulia, na nisiondoke kabla hajanipa ndizi, kwa sababu atakasirika.