Kwa Nini Bado Ninaitumia Nikon D700

Kamera ya Nikon D700 ilipotoka mwaka 2008, kihisi chake (sehemu inayopokea nuru na kuunda picha) cha megapikseli 12.1, chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, kilihesabiwa kuwa cha hali ya juu. Leo hata simu nyingi za mkononi zinatangaza tarakimu kubwa zaidi, na tangu mwaka 2018 kampuni ya Nikon inatengeneza kamera za mfumo wa Z zisizo na kioo cha kuakisi nuru ndani.

Hata hivyo siiachi. Ninapomtazama mtu kupitia kamera hii, ninamwona kwa nuru ileile iliyopita kwenye lenzi na kuakisiwa na kioo, wala si kwa picha yake iliyotengenezwa kwenye skrini ndogo, na katika kupiga picha za nyuso tofauti hiyo ni kubwa sana kwangu. Tena inapokea lenzi za mfumo wa F wa Nikon, ulioanza mwaka 1959 (ingawa nyingi za kabla ya 1977 huhitaji kurekebishwa kwanza).

Ni kweli kwamba hairekodi video, na gizani kamera mpya zinaishinda waziwazi. Lakini picha zake huchapishwa vizuri kwenye karatasi ya A3, nami sihitaji kubwa zaidi ya hiyo.